Watu wa Fabian Walioko Nje

Kama hujawahi kuketi kwenye benchi la Migosi, lile lililo kati ya kibanda cha Waswa cha kutengeneza spika na jiko la Maximilla la kahawa, basi hujui vile watu wazima wanaweza kumaliza asubuhi nzima wakigombania kitu wasichoweza kukishika kwa mkono. Benchi lenyewe ni ubao wa mashua kuukuu iliyopasukia ufuo wa Dunga, umelazwa juu ya mawe, na ubavuni bado una herufi nyekundu, NYAR AS, nusu ya jina ambalo marehemu Fabian alilipaka mwenyewe mashua ikiwa mpya. Kila anayekaa hapo amebatizwa upya. Waswa ni Waya, kwa sababu hakosi kipande cha waya mdomoni. Oyugi, anayezungusha samaki wa Dunga mitaani, ni Kilo. Walter wa bodaboda ni Breaking, maana kwake habari hufika kabla ya tukio. Maximilla ni Mama Subiri, kwa kuwa kahawa yake haijawahi kuwa tayari mtu akiitaka. Fabian alikuwa Rangi. Mpaka leo hakuna aliyerithi jina hilo.

Asubuhi hiyo walikuwa wanabishana juu ya uzito wa marehemu.

— Hili duara la uzito limekaa vibaya, Walter alisema, akainua simu ili wote waone. Tazameni wenyewe. Kikundi kizima cha Ziwani, watu wote hawa, na nusu ya uzito iko kwa mtu mmoja. Na huyo mtu tumemzika.

— Nusu na kitu juu, Oyugi alisema. Hesabu vizuri.

— Nusu na kitu juu. Asante, Kilo.

— Rangi alikuwa omena kama sisi, Maximilla alisema, akipuliza makaa. Hata chini ya omena. Alikuwa anapata kura tatu, na moja ilikuwa ya huruma yangu.

— Ndio nashangaa, Walter alisema. Anaingia hospitali akiwa omena, anakuwa mbuta akiwa kitandani. Sasa niambie, mtu ananenepaje hivyo akiwa amelala?

Kwa asiyejua, Barazani, mahali duara hilo linapoonekana, ni mtandao wa kuandikiana kama ile mingine, ila hauna mwenyewe. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Hesabu zake zimetawanywa kwenye kompyuta za watu dunia nzima, hazifutiki, na kila mtu anaweza kuona za mwenzake. Ukiandika jambo, watu wanalipigia kura, na hapo ndipo maneno yanapoanzia, kwa sababu kura si sawa. Kila mtu ana uzito wake, anaoupata polepole kwa kuandika, kusoma na kukaa bila kuhama, na kura yake inainua andiko kadiri ya uzito huo. Wenye uzito mwingi watu wa ziwani waliwaita mbuta, kama yule samaki mkubwa, na wengine wote ni omena, yaani dagaa. Halafu kuna jambo lingine: unaweza kumwekea mtu uzito wako, uhesabiwe kwake, maandiko yake yapande. Ukiutaka tena, unagusa palipoandikwa Rudisha, na unarudi saa hiyo hiyo.

Waswa alikuwa amefungua spika ya kanisa mapajani, anajifanya anatafuta waya uliokatika, na huo waya alikuwa ameuona tangu alipofungua. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imewashwa, ukurasa wa Rudisha uko wazi. Alikuwa ametoka nyumbani na kazi moja tu ya kufanya, na hata mkewe Nasambu alikuwa amemkumbusha mlangoni.

— Leo usirudi hapa na huruma, alimwambia. Chukua kilicho chako.

Kilicho chake kilikuwa kwa Fabian. Fabian alipolazwa, Waswa alikumbuka neno ambalo yule mzee alipenda kuwatupia akimaliza kikombe: "Nyinyi wa benchi hamjui kusoma. Watu wangu wako nje, ila hawajanifikia." Kazi yake ilikuwa kupaka majina ya mashua, kutoka Dunga mpaka Asembo Bay, na kila jina alilolipaka alilipiga picha, akaandika Barazani kwa nini mwenye mashua alilichagua. Alikuwa anaandika vizuri, tuseme ukweli. Lakini hakuna aliyemwambia, kwa sababu benchi si mahali pa kumwambia mtu neno kama hilo akakuachia upumzike. Basi Waswa akafungua akaunti nyingine. Nyuma ya spika moja kuukuu palikuwa pameandikwa Malmo, akauliza, akaambiwa ni mji wa Uswidi, na hapo akazaliwa Ingrid wa Malmo, mama mtu mzima mpenda mashua. Waswa akamhamishia Ingrid karibu uzito wake wote, naye Ingrid akamwekea Fabian. Ilikuwa iwe ya muda tu, mpaka mzee atoke hospitali.

Mzee hakutoka. Na wewe niambie, unamrudishia nani kitu ulichomwekea mtu aliye kaburini? Waswa aliahirisha mara ya kwanza kwa sababu ya mazishi, akaahirisha tena kwa sababu ya aibu. Wakati huo matangazo yake mwenyewe ya spika yakawa hayaonwi na mtu. Kanisa lililokuwa likimletea kila kitu likapeleka vyombo vyake kwa fundi wa Kondele, kijana asiyejua kushika kichomeo lakini mwenye uzito. Hii spika aliyokuwa nayo mapajani ndiyo ilikuwa kazi yake pekee tangu wiki iliyopita.

— Na si hiyo tu, Walter aliendelea. Someni ilani. Akaunti ya Rangi haijaandika kitu tangu tumzike. Jioni hii inahesabiwa mfu. Uzito wote ulio ndani unagawanyiwa kikundi, kila mtu kulingana na ukubwa wake.

— Kulingana na ukubwa, Oyugi alirudia. Kwa hivyo mbuta wanaongezewa.

— Mbuta wanaongezewa, na sisi tunapewa harufu.

— Isipokuwa wale waliomwekea warudishe kabla ya jioni, Maximilla alisema, bila kuinua macho.

Waswa aligusa mfuko wa shati.

— Hao si watu wa kurudisha, Walter alisema. Hao ni watu wa nje. Wana mambo mengi. Ngoja niwasomee majina. Kuna Steven wa Toronto. Kuna Kapteni Olsen wa Bergen. Kuna Lucia wa Santos. Na huyu mkubwa kuliko wote, Ingrid wa Malmo.

Waswa alisikia jina lake lile likitamkwa hadharani, masikio yakamwaka. Akainamia spika.

— Hapo kwa Ingrid ndipo nina swali, Oyugi alisema. Mwanamke wa Ulaya, anamwekea mzee wa Asembo uzito wote huo bila sababu? Huyo walikuwa wanajuana. Pengine alikuja Dunga kutazama ndege, akamkuta Rangi anapaka mashua, shati limefunguka vifungo.

— Ingrid ni mtu wa heshima, Waswa alisema.

Wote wakamtazama.

— Unamjua? Oyugi aliuliza.

— Nasema tu. Ukisoma vile anaandika, ni mtu wa heshima. Mjane.

— Ameandika wapi kwamba ni mjane?

— Inaonekana, Waswa alisema, na akaweka waya mdomoni ili asiulizwe tena.

Maximilla akamimina vikombe vya kwanza, kahawa nyeusi yenye tangawizi, akavigawa kwa mpangilio wake anaoujua yeye. Walter alipokea chake, akanywa kidogo, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Mimi nitawaambia. Hawa watu wanataka ufuo. Wanaanza na mtandao. Unakusanya uzito kwa mtu mmoja mgonjwa, mtu asiye na kelele, anakufa, uzito unagawanywa, nao wako ndani ya kikundi. Halafu kikundi kinapiga kura Dunga iwe hoteli.

— Kikundi cha Barazani hakiwezi kupiga kura Dunga iwe hoteli, Maximilla alisema.

— Leo hakiwezi.

— Lakini Steven wa Toronto ana uzito mdogo, Oyugi alisema. Huyo hawezi kununua hata choo cha Dunga. Ukiniuliza, huyo Steven ni mkora.

— Steven si mkora, Walter alisema haraka. Steven alitoa alichonacho. Kuna watu wana kidogo na wanakitoa chote, na hiyo pia uiheshimu, Kilo. Huyo Kapteni wako ndiye simwelewi. Kapteni gani anakaa nchi kavu akisoma habari za mashua za watu?

— Kapteni amestaafu.

— Nani amekuambia?

— Kapteni wote wanaoandika wamestaafu, Oyugi alisema. Angekuwa baharini angepata mtandao wapi?

Hilo lilionekana kuwa na maana. Pikipiki ya Walter ilikuwa imeegeshwa kando, na mteja mmoja alikuja akaiangalia, akamwangalia Walter, akaamua kwenda kwa miguu.

— Nyinyi mnatafuta mbali, Oyugi alisema sasa, naye akasogeza lile sanduku lake la barafu analolikalia, kwa sababu huwa hakai kwenye ubao. Rangi alikuwa anapiga picha majina ya mashua, si ndio? Kila mashua, mahali ilipo, na mwenyewe ni nani. Hiyo si hadithi, omera, ndugu yangu, hiyo ni ramani. Chini ya ziwa kuna mafuta. Hawa wanne wanataka kujua nani anavua wapi, ili siku ya kuchimba wajue wa kumfukuza kwanza.

— Mashua inaitwa Mama Amechoka, Maximilla alisema. Hiyo ni ramani ya nini?

— Ya pale ilipoegeshwa.

— Mimi nasema hao wanne ni mtu mmoja, Maximilla alisema. Tena si mtu. Ni mashine. Angalieni Kiswahili chao. Breaking, soma ile ya Kapteni, alivyoandika chini ya Mama Amechoka.

Walter akatafuta, akasoma kwa sauti ya kizungu:

— "Mashua hii mzuri sana. Mimi nakumbuka mama yangu, yeye pia choka. Wewe andika kila siku tafadhali, mimi ngoja."

Wakacheka wote, hata Oyugi, ingawa kicheko chake kilichelewa kidogo na kikaisha mapema.

— Na Lucia je? Walter alisema. "Kaka Fabian, hapa Santos mvua, lakini nasoma wewe na jua anatoka." Enyewe hiyo ni mashine.

— Hiyo si mashine, Maximilla alisema. Huyo Lucia angalau ana moyo. Wengine ndio mashine.

Waswa aliinua macho. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua tangu Walter aanze, na sasa alikipata. Asubuhi nzima wanauliza hawa watu ni akina nani, na hakuna aliyesema jambo ambalo hata mtoto wa shule angesema: bonyeza jina, uone uzito wake ulitoka wapi. Barazani haifichi. Ungegusa Ingrid mara moja, ungemkuta Waswa amekaa nyuma yake. Yeye alikuwa na sababu ya kunyamaza. Lakini Breaking, anayebonyeza kila kitu mpaka matangazo ya dawa za meno, naye amenyamaza kwa nini?

Akamtazama Walter. Walter alikuwa amevaa lile koti lake la mitumba la mvua na jua, na mgongoni, kwa herufi zilizoanza kubanduka, limeandikwa TORONTO.

Waswa akaacha kutafuna waya.

Akatazama sanduku la barafu la Oyugi, plastiki ya buluu iliyokuja na meli gani sijui. Kati ya miguu ya Oyugi, ubavuni, yalikuwepo maandishi ambayo Waswa ameyaona kila siku bila kuyasoma: BERGEN. Halafu akageuka kwa Maximilla, kwenye lile debe kuukuu analohifadhia kahawa yake, lenye picha ya mwanamke amebeba kikapu kichwani. Juu ya yule mwanamke palikuwa pameandikwa SANTOS.

Kumbe.

Alitaka kucheka, akajizuia. Akakumbuka jinsi wote walivyokuwa wakilalamika tangu Fabian alipolazwa. Oyugi akisema watu hawaoni tena matangazo yake ya samaki, ati ametupiwa kijicho. Maximilla akisema mtandao umekula uzito wake. Walter, aliyekuwa akitangaza kila ajali na kila harusi na kikundi kizima kinamsoma, sasa akiandika hasomwi na mtu, na akawa anasema ni watu wa Nairobi wamemzima. Kila mmoja alikuwa na mwizi wake, na wote wanne walikuwa wanamjua mwizi huyo vizuri. Waswa aliona aibu na raha kwa pamoja, na hakujua aseme nini, basi akaifunga spika bila kuiunga waya.

Hapo ndipo Anyango alipofika.

Walimjua. Ni binti wa Fabian, yule wa mwisho, anayeuza samaki wa kukaangwa kule Asembo Bay. Alikuwa amevaa nguo ya safari na ameshika simu kubwa yenye kioo kilichopasuka pembeni. Wote waliitambua, kwa sababu marehemu alikuwa akiiweka kwenye ubao huu huu, kando ya kikombe.

— Habari zenu, wazee. Mama Maximilla.

— Nyar Asembo, Oyugi alisema, yaani binti wa Asembo, akainuka kwenye sanduku. Karibu. Watu wa nyumbani?

— Wako salama. Sikuja kukaa. Nimemletea Baba Waswa hii simu, haishiki chaji, na nimeambiwa mwisho ni leo jioni.

— Mwisho wa nini? Walter aliuliza, kana kwamba hajui.

— Akaunti ya baba. Ati itahesabiwa imekufa. Nikiandika neno moja tu, inabaki.

Waswa aliipokea. Hakuhitaji hata kuifungua. Alitoa uchafu kwenye tundu la chaji kwa mswaki mkavu anaouweka kwa kazi hiyo, akapuliza, akachomeka waya wa kibandani. Kioo kikawaka. Alama ya Barazani ikatokea, na chini yake lile duara, nusu yake na kitu juu ikiwa rangi moja.

— Asante, Anyango alisema. Nilidhani imeharibika kabisa.

— Ilikuwa vumbi tu.

— Hili duara, Anyango alisema, alikuwa ananionyesha kila asubuhi hospitalini. Kabla hata ya uji. Anaangalia kama limekua, halafu ananiambia, tazama, huyu wa Malmo ameamka. Tazama, Kapteni amesoma. Siku ile Lucia aliandika habari ya mvua, alinisomea mara nyingi mpaka muuguzi akamwambia apumzike. Alikuwa anasema, "Wacha nitoke hapa. Nitawaonyesha wale wa benchi. Watakoma."

Maximilla alianza kupangusa kikombe kilichokuwa kikavu. Walter akatazama pikipiki yake.

— Alikuwa na furaha, basi, Oyugi alisema.

— Alikuwa na furaha sana. Maumivu yalikuwepo, lakini hiyo furaha sikuwahi kumwona nayo. Alikufa akijua anasomwa mpaka ng'ambo.

Anyango alikuwa bado amesimama, akigeuza simu mkononi kwa urefu wa ule waya.

— Ndio nataka kuwaandikia asante. Lakini kuna kitu sielewi, na nyinyi ndio mlikuwa rafiki zake, labda mtanieleza. Kama walimpenda hivyo, mbona hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumzika? Hata simu, hata pole. Nilikuwa nasubiri.

Walikuwa wamekuja wote. Oyugi alileta samaki kwa ajili ya waombolezaji na akakataa kusema ni wake. Walter alibeba viti kwa pikipiki, kutwa nzima, kutoka shuleni mpaka kwa boma. Maximilla alisafiri na birika lake na hakuketi. Waswa alivuta nyaya za taa na spika, na jeneza liliposhushwa alikuwa ameshika kamba ya upande wa kichwa. Sasa wanne hao walitazama chini, kila mmoja akisubiri mwingine aongee.

— Pengine, Walter alisema mwishowe, pengine ni mbali.

— Ni mbali, Maximilla alisema.

— Huko ni mbali sana, Oyugi alimalizia. Mtu anaweza kutaka kuja na asiweze.

Anyango aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, jinsi mtu anavyoitikia jambo ambalo halijamridhisha. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Waswa akatoa simu yake mfukoni, akaigeuza ili asionwe. Neno Rudisha lilikuwa pale pale, jekundu, likimngoja. Akiligusa sasa, duara la marehemu litapungua mbele ya macho ya binti yake, na jina litakaloandikwa ni la Ingrid. Akiliacha, ataendelea kuwa omena, na yule kijana wa Kondele ataendelea kula kazi yake, na Nasambu atauliza. Alifikiria uso wa Nasambu. Alifikiria mzee mgonjwa akiuliza, kabla ya uji, kama Malmo ameamka. Akafunga ukurasa, akairudisha simu mfukoni, na akajihisi mwepesi kuliko alivyotarajia, na maskini pia.

Alipoinua macho, aliona Oyugi anaweka simu yake ndani ya shati. Walter alikuwa anaifunga yake kwenye mfuko wa koti. Ya Maximilla ilikuwa tayari ndani ya aproni, na mkono wake bado umeifunika.

— Sikilizeni kama ni sawa, Anyango alisema, akasoma. "Kwa Ingrid, kwa Kapteni Olsen, kwa Lucia, kwa Steven. Mimi ni mtoto wa Fabian. Baba aliondoka akijua kuna watu wanamngoja kila asubuhi. Mlimbeba mkiwa mbali. Nitaendelea kuweka picha za mashua zake, ziko nyingi. Asanteni, na siku moja mkifika upande huu mtatukuta Asembo." Kiswahili watasoma?

— Watasoma, Waswa alisema.

— Nimewataja majina ili ujumbe uwafikie.

— Ngoja kwanza, Walter alianza, lakini alikuwa amechelewa, jambo ambalo kwake ni nadra.

Anyango aligusa kioo.

Mfuko wa shati wa Waswa ulitetemeka. Kabla haujanyamaza, kitu kililia ndani ya shati la Oyugi, mlio ule wa Barazani ambao ni kama tone la maji ndani ya ndoo. Koti la Walter likalia baada yake. Ya mwisho ilikuwa aproni ya Maximilla, na hiyo ililia kwa sauti ya juu zaidi kwa sababu Maximilla huiweka hivyo asikose wateja.

Hakuna aliyesogea. Walter aliangalia juu kama anayetafuta mvua. Oyugi alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Anyango aliangalia yale majina manne kwenye simu yake, akawaangalia wao wanne, mmoja baada ya mwingine, mpaka alipomfikia Waswa, na Waswa hakuweza kuyakwepa yale macho kwa sababu yalikuwa ya babake.

— Simu zenu zinaita, alisema taratibu. Mbona hakuna anayeshika?

Maximilla akainua birika kumimina, likatoa matone mawili tu. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akaliweka chini.

Anyango alisubiri. Halafu alikunja gauni lake vizuri, akauchukua waya wa chaji asiukanyage, akaja mpaka pale kwenye zile herufi nyekundu za babake ubavuni mwa benchi.

— Sogeeni basi, alisema.

Wakasogea.